Dawa Isiyosuguliwa

Mpaka nywele zake zilipokuwa nyeupe, Wayua hakuwahi kumpa dresa Alexander mkono. Alimsalimia kwa mdomo, maana salamu ni ya Mungu na haina kosa, lakini mkono aliuficha ndani ya leso na kuuacha humohumo. Wageni walidhani ni kiburi. Wakongwe wa laini walijua ni hasira, na kwamba hasira ile ilianzia kwenye kidonda kidogo kama punje ya mtama, juu ya bega la mtoto.

Wayua alikuwa Mkamba wa Kibwezi. Njaa ilimfukuza kwao angali kijana, akaifuata reli kushuka, mwanawe Kimeu mgongoni, mpaka Voi. Akapata kazi katika shamba la mkonge chini ya vilima, upande wa kwenda Mwatate. Shamba lenyewe limekwisha kufa, na jina lake tuliache lilale. Enzi hizo lilikuwa hai sana. Mistari ya mkonge ilikwenda mpaka macho yakachoka kuifuata, kila jani na mwiba wake mweusi kwenye ncha, na katikati yake zilisimama laini za wafanyakazi: vyumba vya bati vilivyoshikana mbavu, Mtaita kapakana na Mjaluo, Mjaluo na Mkamba, moshi wa mmoja ukiwatoa wote machozi.

Mchana Wayua alianika nyuzi juani pamoja na wanawake wengine. Jioni alichanja chale, na hiyo ndiyo kazi iliyompa jina.

Aliirithi kwa mama yake. Alikuwa na wembe, alikuwa na kitambaa alichokichemsha mwenyewe, na kibuyu kisichozidi ngumi, ndani yake unga mweusi wa mizizi iliyochomwa, ikasagwa, ikakandwa kwa mafuta ya mbarika. Aliyekuja na goti linalowaka, au bega lililokufa ganzi kwa kubeba matita ya mkonge, Wayua alimpapasa kwanza kimyakimya mpaka apate pale maumivu yalipojificha. Hapo alikata, vichale vifupi viwili vitatu, damu ikichungulia tu. Kisha akachovya kidole gumba katika ule unga na kusugua. Alisugua mpaka damu na dawa zikawa rangi moja. Alisugua mpaka mwanamume mzima mwenye ndevu akang'ata kola ya shati lake.

"Ngozi ni mlango," alikuwa akisema. "Wembe unabisha hodi tu. Kinachomwingiza mgeni ndani ni kidole gumba."

Akimaliza aliuliza, "Imeingia?" na mgonjwa alipaswa kujibu kwa sauti, "Imeingia." Bila jibu hilo hakumwachia mtu aondoke. Dawa isiyosuguliwa, kwake, ilikuwa vumbi juu ya kidonda. Laini nzima ilishika usemi huo. Hata fundi aliyeezeka paa akaacha tundu walimwambia, "Wewe umechanja, hujasugua."

Walimjia watu wa kila kabila. Hata nyapara Thadeus, Mtaita, mzee wa kanisa, mtu aliyesimama Jumapili kuwaonya waumini dhidi ya mambo ya giza, alimjia kwa mlango wa nyuma, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, akalala kifudifudi juu ya mkeka wake kwa sababu ya kiuno. Wayua alimchanja kama alivyowachanja wengine na hakumtangaza. Siri ya mwili wa mtu si nguo ya kuanikwa.

Basi ikaja habari ya ndui.

Ilikuwa miaka ile treni za kupeleka wafungwa kambi ya Manyani zilikuwa zimeanza kupungua. Watu walisema mgonjwa ameonekana katika kambi ya vibarua wa reli, uso umejaa kama mahindi kwenye gunzi. Wazee waliokumbuka ndui ya zamani waliketi wakajishika vichwa. Meneja wa shamba, Mzungu asiyependa kazi yake isimame, akatoa amri: kila mtoto wa laini achanjwe.

Anayechanja alikuwa Alexander. Alikuwa kijana wa huko juu milimani, kwenye baridi na migomba, aliyesomea misheni kisha akafunzwa udresa, kazi ya kufunga vidonda na kugawa dawa. Suruali yake fupi ilipigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama visu. Alitandika kitambaa cheupe juu ya meza nje ya dispensari, akapanga vijiti vyembamba vya kioo vyenye dawa, vilivyoletwa vikiwa vimezungukwa na barafu, na sindano. Watoto wakapangwa mstari, mama zao nyuma yao.

Wayua alikuwa kwenye mstari na mjukuu wake Syombua, binti wa Kimeu. Mama yake Syombua alikuwa amerudi Kibwezi kumwuguza mzazi, hivyo mtoto alilala na bibi yake, alikula kwa bibi yake, na usingizini alimshika bibi yake sikio. Wayua alimtanguliza mbele na kutazama. Hakutazama kama mama wengine walivyotazama, kwa huruma. Alitazama kama mshonaji anavyomtazama mshonaji mwenzake.

Aliona tone likidondoshwa begani. Aliona sindano ikikwaruza ndani ya tone. Vizuri, akasema moyoni, mkono wake ni mwepesi. Akangoja kidole gumba. Kidole hakikuja.

"Nenda. Mwingine!" alisema Alexander.

Mtoto akaenda. Tone likabaki juu ya ngozi likimetameta. Wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Zamu ya Syombua ilipofika na kwisha, Wayua hakuondoka.

"Baba," alimwambia kwa heshima, maana kwa kazi ile alimwona mwenzake ijapokuwa angeweza kumzaa. "Husugui?"

Alexander hakuinua macho. "Sogea, mama."

"Nauliza tu. Dawa imebaki nje."

"Mama, nina watoto mpaka kule kwenye tangi la maji. Nikianza kumweleza kila mtu, jua litazama." Kisha akaona wanaume waliosimama pembeni wanatazama, akataka kuwachekesha. "Asiyejua maana haambiwi maana!"

Wakacheka. Thadeus nyapara alicheka zaidi ya wote, na mkono wake uliokaa kiunoni ulikuwa juu ya chale za Wayua.

Wayua akamshika Syombua mkono akaondoka. Masikio yalimwaka moto. Angeweza kuvumilia kutukanwa. Alikuwa ametukanwa na njaa, na wanaume, na jua. Lakini alikuwa ameuliza swali la kazi, swali la fundi kwa fundi, na alijibiwa kwa methali iliyorushwa kama ganda la ndizi.

Jioni ile hakuhitaji kuita mtu. Walikuja wenyewe. Wa kwanza alikuwa Ajwang', jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mke wa mkata mkonge, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kusikika mpaka kiwandani. Alimbeba mwanawe Owino, rafiki wa Syombua wa kuchimba mchanga.

"Mama Kimeu, huyu daktari ametuchezea," alisema Ajwang'. "Yeye amekwaruza tu. Dawa amewacha juu, itaanguka na shati."

"Nimemwuliza. Hakunijibu."

"Atajibu nini? Amesahau, sasa anaona aibu. Maliza wewe."

Wakaja wengine nyuma yake, wengi, si wote. Wayua alichemsha kitambaa chake. Alianza na Syombua, maana dawa ya kweli huanza nyumbani. Alifuta kile kilichokuwa kimekauka begani, akaufungua tena ule mkwaruzo kwa ncha ya wembe, akachovya kidole, akasugua. Syombua alilia akamwita mama yake wa Kibwezi. Wayua hakulegeza.

"Imeingia?"

"Imeingia, susu," alisema mtoto kwa kwikwi, akimwita bibi kwa Kikamba.

Kisha Owino. Kisha bega baada ya bega, mpaka unga ukapungua kibuyuni. Ajwang' aliketi mlangoni akiwashikilia watoto wa wenzake na kuwatania. "Lia, lia! Serikali imepiga hodi, Mama Kimeu ndiye anafungua!" Wakacheka wote. Walikwenda kulala wameridhika, kama watu waliomsaidia mtu mzima aliyesahau jembe shambani.

Alexander aliporudi kuangalia mabega, alitafuta lengelenge, dalili kwamba chanjo imeshika. Kwa wale ambao mama zao hawakwenda kwa Wayua alilikuta limesimama vizuri, limejaa maji, na kishimo katikati kama kitovu. Kwa wengine alikuta vidonda vyeusi vinavyotoa usaha. Alipofika kwa Owino aliacha kila kitu.

"Nani ameshika hii?"

Mama wakainamisha macho.

"Nauliza, nani ameshika hii?"

Wayua akatoka mstarini. Hakuwa na sababu ya kujificha. "Mimi. Nilimalizia."

"Ulimalizia!" Sauti ya Alexander ilipanda mpaka ikapasuka. "Mchawi we! Unajua umefanya nini? Dawa ile iko hai! Iko hai, unasikia? Huwekwa juu ikashuka yenyewe taratibu. Wewe umeifuta, umeipaka majivu, umeiua! Watoto hawa hawana kinga hata kidogo. Ni kama hawakuchanjwa!"

Iko hai. Wayua alilisikia neno hilo likimshuka kifuani kama maji baridi. Alilielewa mara moja. Hakuna aliyehitaji kumwambia mara mbili. Mgeni alikuwa na miguu yake mwenyewe. Alikuwa mlangoni anaingia taratibu, naye akamkanyaga kwa kidole gumba.

"Ungesema," alisema. Akarudia. "Nilikuuliza. Ungesema."

Jibu lilitoka kwa Thadeus. Alikuwa ameingia chumbani mwa Wayua akarudi na kibuyu. Alikiweka chini mbele ya watu, mbele ya wale wale aliowaonya Jumapili, akakivunja kwa kisigino cha buti lake. Unga mweusi ukatoka juu ya mchanga mwekundu wa Voi. Wembe akautupa kwenye choo cha shimo.

"Mambo ya giza yakome," alisema mzee wa kanisa.

Na meneja, alipoelezwa, alisema kwa Kiswahili chake cha amri kwamba dawa ya serikali si maji ya mto. Waliochezea ya kwanza hawatapewa ya pili. Wajifunze.

Haukupita muda Owino akalala na homa. Siku ya kwanza Ajwang' alisema ni malaria. Vipele vilipotokea usoni, kisha mikononi, alimfunika mwanawe kwa leso. Watu wa afya walikuja wakamchukua pamoja na mama yake wakawaweka katika kibanda cha karantini ng'ambo ya mkonge, na barabara zote za kutoka shambani zikafungwa. Mlinzi akawekwa kwenye njia ya stesheni. Kimeu, aliyekuwa amepanga kumtorosha binti yake kwenda Kibwezi, alirudishwa kwa rungu.

Alimkuta mama yake ameketi kizingitini, Syombua amelala mapajani, akimgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. Syombua alikuwa amechimba mchanga na Owino mpaka jioni ile ya homa. Walikuwa wamekula muhogo mmoja, wakipokezana.

"Bado ni mzima," alisema Wayua.

"Mpaka lini, mama?"

Wayua alimlaza mtoto, akajifunga leso kiunoni, akaenda dispensari.

Alexander alikuwa anapaka ayodini kwenye kiganja cha mkata mkonge aliyechomwa na mwiba. Wayua alimngoja amalize, kisha akaingia.

"Mwanangu," alisema. Hakumwita tena baba. "Nimekosa. Mkono wangu umeiua dawa yako. Nipigeni mimi, nifukuzeni mimi. Mchanje mtoto."

"Amri si yangu."

"Dawa ipo?"

Alexander alitazama sanduku la barafu, na macho yake yalijibu kabla ya mdomo. "Ipo ya akiba. Meneja amekataa."

"Wewe umekataa?"

"Mimi ni dresa tu, mama. Tena hata nikiwachanja, mtakwenda kusugua tena. Nyinyi ndivyo mlivyo."

Nyinyi ndivyo mlivyo. Wayua alimtazama kijana huyu aliyezaliwa mwendo wa asubuhi moja kutoka hapo, ambaye bibi yake, bila shaka yoyote, aliwahi kumchanja chale za mafua kifuani. Zilionekana pale kifungo cha shati kilipoachia. Machozi yalimjia, na aliyachukia, kwa sababu yalikuwa ya hasira na yule angedhani ni ya kuomba.

"Umesoma," alimwambia. "Mungu akubariki kwa kusoma. Lakini mimi nilikuuliza swali moja, na jibu ulikuwa nalo mdomoni. Ukaona ni bora unicheke. Sasa Owino anaoza akiwa hai. Sema ni nani aliyemsugua. Mimi nilisugua. Ni nani aliyenyamaza?"

"Toka, mama. Nina wagonjwa."

Alitoka, lakini hakwenda mbali. Aliketi kwenye ngazi ya dispensari, katikati ya mlango, miguu ameinyoosha.

Wanawake wa laini walimwona. Walikuja wale aliosugulia watoto, kila mmoja na mwanawe, wakaketi pembeni yake na nyuma yake. Wengine walikuwa na uchungu naye na hawakumficha.

"Tumekuja kwa ajili ya watoto, Mama Kimeu, si kwa ajili yako," alisema mmoja, Wakesho, Mtaita wa Mbololo.

"Keti, dada. Nitukane ukiwa umeketi."

Wakaketi. Mlango ukazibwa. Wakata mkonge waliokuja na miiba viganjani, na utomvu machoni, hawakuweza kupita bila kuwakanyaga watoto. Wakasimama. Mmoja akatua panga lake chini akagoma kurudi kukata, halafu mwingine. Kufikia jua la utosi mistari ya mkonge ilikuwa kimya, na mashine kiwandani, iliyozoea kutafuna bila kupumzika, ilianza kukohoa kwa kukosa majani.

Hapo ndipo Thadeus alipokuja na kiboko.

"Ondokeni! Wewe mchawi, ondoa watu wako!"

Wayua alisimama. Siri ya mtu alikuwa ameitunza kwa miaka, lakini kibuyu kilichovunjwa hakimwekei mtu siri.

"Thadeus," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wale wa nyuma. "Kabla hujanipiga, vua shati."

"Nini?"

"Vua shati, mzee wa kanisa. Geuka. Waonyeshe kiuno chako. Waonyeshe giza langu lilivyokaa vizuri. Saba kulia, saba kushoto, na zote ulijibu 'Imeingia' ukilia kama ndama!"

Kicheko kilianza kwa wakata mkonge kikasambaa kama moto wa nyasi. "Vua, nyapara! Vua tuone!" Mtu mmoja akaiga ndama. Wakesho, ambaye alikuwa hajacheka tangu karantini ianze, alijifunika uso kwa leso akatetemeka. Thadeus alishika kola yake kwa mikono miwili kana kwamba shati lingevuka lenyewe. Kiboko kilimponyoka. Aliondoka, na hata mwendo wake, kwa jinsi alivyokazana kunyoosha kiuno, uliwachekesha.

Wayua hakucheka. Aliketi tena.

Meneja alikuja mwenyewe, mwekundu wa jua na ghadhabu. Hakuuliza habari za ndui. Aliuliza kwa nini mashine imesimama. Alipoambiwa, alimtukana Alexander kwa Kiingereza, mbele ya wote, maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa na kila mtu aliyaelewa. Kisha akasema, wachanje hawa watu, waondoke, kazi ianze. Akaingia kwenye gari lake. Ndivyo ilivyokuwa. Uhai wa watoto haukuweza kumsogeza, kukohoa kwa mashine kukamsogeza. Wayua alilijua hilo, na alilihesabu upande wa hasira.

Alexander akatandika kitambaa cheupe. Wa kwanza alikuwa Syombua. Bega la kulia lilikuwa bado na kidonda, hivyo akashika la kushoto. Tone. Mkwaruzo. Akafungua mdomo kusema "mwingine", akakuta Wayua ameweka kiganja juu ya meza.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Sema kwa mama zao. Sasa hivi. Tusiguse nini, tungoje nini. Sema yote."

Alexander akawatazama wanawake. Nao walikuwa wanamtazama, watoto mapajani, kimya cha shule.

"Usifute," alisema. "Iache ikauke. Usioshe hapo, usipake kitu, wala mafuta, wala majivu. Itawasha, usikune. Itavimba, ijae maji, ikauke, ifanye kigaga. Kigaga kitaanguka chenyewe. Basi."

"Basi?" alisema Wayua.

"Basi."

Wayua akasimama palepale. Alikuwa ametarajia elimu ndefu, jambo zito la vitabuni ambalo kweli lisingefika kichwani mwa mwanika nyuzi. Kumbe ni hayo. Hata uji usingechemka katika muda wa kuyasema. Maneno ambayo mtoto angeweza kuyabeba nyumbani bila kumwaga.

"Hayo tu," alisema polepole, "ndiyo uliyotunyima?"

Alexander akamgeukia mtoto aliyefuata, akadondosha tone, akakwaruza, na bila kuambiwa akamwambia mama, "Usifute." Akasema hivyo kwa kila mmoja, mpaka mwisho wa mstari. Sauti ilimkauka, lakini alisema.

Zilizofuata zilikuwa siku mbaya kuliko zote. Syombua aliwashwa, naye Wayua alikuwa na kidole gumba kilichozoea maisha yote kusaidia. Alikitazama kidonda kikiwa kikavu na kimya, na kila kitu ndani yake kilimwambia dawa imekaa nje, sukuma. Alikikalia kile kidole. Mara moja Kimeu alimkuta amekifunga kwa kitambaa.

Kisha asubuhi moja pale begani paliinuka. Pakajaa. Katikati pakaingia kishimo, kitovu kidogo kabisa. Wayua alimgeuza mtoto kwenye mwanga wa mlango, akapatazama, akapatazama tena.

"Imeingia," alisema Syombua, akidhani ndilo jibu linalosubiriwa.

Bibi yake akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Ndui haikumgusa Syombua. Ilichukua wengine wachache katika laini, na mmoja wao alikuwa Owino. Alizikwa ng'ambo ya mkonge bila matanga, bila nyimbo za kwao, mchanga umewekwa chokaa.

Karantini ilipofunguliwa watu walikwenda kulitazama kaburi. Alexander alikuwepo. Alikuwa amekonda. Alimsubiri Wayua amalize kusimama pale, kisha akamfuata, akavua kofia, akanyoosha mkono.

"Mama," alisema, "sisi sote tulikosea."

Wayua aliutazama ule mkono, msafi, mwepesi, mkono aliousifu moyoni siku ya kwanza.

"Mkono wangu ulikosea kwa kutojua," alimwambia, "nao nitalala nao mpaka nife. Wako ulikuwa unajua. Usije kuichanganya." Akaingiza mkono wake ndani ya leso.

Hilo ndilo Alexander alilolipata, na hakupata zaidi. Aliishi hapo miaka mingi, akawa mtu mzima, akawa na subira na wagonjwa. Walisema hakuna dresa aliyeeleza kama yeye mpaka Taveta. Wayua alisikia sifa hizo. Alisema, "Vizuri," na hakuongeza.

Lakini kwa Ajwang', Wayua hakuwa na mtu wa kumrushia lawama. Ajwang' alirudi chumbani mwake bila mwanawe, akafunga mlango, na kicheko chake hakikusikika tena kiwandani. Mara ya kwanza Wayua alipobisha, alijibiwa kutoka ndani, "Ni kidole yako, Mama Kimeu. Mimi nilishikilia mkono yake, wewe ukasugua."

"Ndiyo," alisema Wayua mlangoni.

Hakuleta methali, hakumtaja Alexander, hakutaja meneja. Aliketi chini, mgongo kwenye bati la ukuta ule waliopakana. Kesho yake akaketi tena baada ya kazi. Watu walipita wakimwona, wengine wakitikisa vichwa. Mvua za vuli zilimkuta hapo. Alikuja na nyuzi za kusokota kamba, akasokota, hakuita, hakubisha.

Jioni moja mlango ulifunguka. Ajwang' hakumsalimu wala hakumtazama. Aliweka kigoda nje, upande mkavu wa kizingiti, akarudi ndani. Mlango akauacha wazi.

Wayua alikitazama kigoda kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka, magoti yakilia, akakikalia.